Saratani ya Watoto Inatibika: Tusichelewe

Leo tujifunze juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huudhania ni wa wazee tu. Kumbe watoto nao hupata saratani. Si uchawi, si laana ya ukoo, wala hauambukizi kwa kula pamoja.

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Huonekana zaidi penye malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani. Hukua upesi mno, lakini ukiwahiwa, dawa huuweza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mbona hivyo? Mtoto huchelewa kufikishwa, dawa hukosekana, au wazazi huacha matibabu katikati kwa kukosa nauli. Mwaka 2018 WHO iliweka lengo: kufikia 2030, angalau 60 kwa 100 wapone. Lengo hilo halitafika kijijini lenyewe. Lazima tulivute.

Dalili za kuangalia:
1. Uvimbe unaokua haraka kwenye taya, shingo au tumbo.
2. Mboni ya jicho kung'aa nyeupe.
3. Homa isiyoisha, kupauka, kutokwa damu ovyo.
4. Kukonda bila sababu, au maumivu ya mifupa yasiyokwisha.

Ukiona hata moja, usingoje kujaribu mitishamba kwanza. Mpeleke zahanati, na hali ikiendelea omba barua ya rufaa.

Kikundi kifanye nini?
- Kila mkutano, wekeni kidogo katika mfuko wa nauli.
- Hakikisheni kila familia imejiandikisha na SHA.
- Mama akilazwa na mtoto, pangeni zamu ya kumlimia shamba na kuangalia watoto waliobaki.
- Zahanati na hospitali nyingi za serikali ziko chini ya kaunti tangu 2013. Basi muulizeni mwakilishi wa wadi: katika bajeti, watoto hawa wametengewa nini?

Maswali ya kujadiliana:
1. Hapa kwetu, ni nini huchelewesha mtoto kufika hospitali?
2. Nani kati yetu atatunza mfuko wa nauli, na tutaanza lini?