Somo: Antena Kwanza, Busta Baadaye



Mitaa ya pembezoni hutuletea maombi ya fedha za busta ili televisheni ya nyumba ya mwinjilisti ishike vizuri. Kabla ya kutumia sadaka, tujifunze.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia. Zamani mawimbi yakiwa hafifu tuliona chenga; picha ya dijitali huganda, kisha hukatika kabisa. Busta hukuza kile antena ilichopokea, pamoja na kelele zake. Antena isipopata kitu, busta haina cha kukuza.

Tufuate hatua hizi:

1. Toeni antena ndani, kwani bati huzuia mawimbi. Ifungeni juu ya mlingoti, ielekee mnara wa matangazo.
2. Vijiti vyake vilale au visimame kama vya majirani wanaopata picha safi.
3. Tumieni waya mfupi usio na viungo vingi. Waya mrefu hupoteza nguvu.
4. Geuzeni antena kidogo kidogo mkitazama kipimo kwenye king'amuzi, kisha tafuteni chaneli upya.

Busta ikihitajika bado, ifungwe karibu na antena. Mlima ukiziba njia, tufikirie dishi.

Mlingoti uwe mbali na nyaya za umeme, wala mtu asipande wakati wa radi. Hakuna kipindi chenye thamani ya uhai wa kijana wetu.

Kamati zijaribu hatua hizi kabla ya kuleta ombi. Fedha itakayookolewa ina kazi nyingine shambani mwa Bwana.