Maswali ya Kaunta: Afya ya Uzazi kwa Wateja wa Transijenda katika Maduka ya Dawa Muhimu

Katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, mgonjwa mara nyingi huanzia duka la dawa kabla ya kufikiria zahanati. Duka li karibu, halina foleni ndefu, na mtoa dawa humfahamu mteja, wazazi wake, na pengine hata lilipo shamba lao la pamba. Kufahamiana huko ndiko kunakowavuta wengi, na ndiko kunakowafukuza wachache. Anayehitaji kondomu, kidonge cha dharura cha uzazi wa mpango au ushauri kuhusu usaha unaomtoka hutazama kwanza ni nani aliyesimama nyuma yake.

Kwa mteja wa transijenda mzigo huo ni mzito zaidi. Neno hili humtaja mtu ambaye jinsia anayoitambua nafsini mwake hailingani na jinsi aliyoandikiwa alipozaliwa. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuihamishia katika sura ya afya ya kujamiiana, ili mhusika apate huduma bila kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa akili.

Hatari ya kutomwelewa mteja wa namna hii si ya kinadharia. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa kilichotokea Marekani. Mtu wa miaka 32 alifika hospitalini akiwa na maumivu makali ya tumbo, na kumbukumbu zake zilimtaja kuwa mwanamume. Aliwaeleza wahudumu kwamba ni transijenda na kwamba kipimo alichojipimia nyumbani kilionyesha mimba. Hata hivyo aliwekwa miongoni mwa wagonjwa wasio na haraka, na maumivu yake yakahusishwa na unene na shinikizo la damu ambalo alikuwa ameacha kulitumia dawa. Zilipita saa kadhaa kabla ya ujauzito kuthibitishwa. Mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Kosa hapo halikuwa matusi wala kufukuzwa. Neno moja lililoandikwa kwenye karatasi lilitosha kuziba njia ya fikra, ingawa mgonjwa mwenyewe alikwisha kuitaja mimba.

Mtoa dawa wa kijijini hana mashine ya kupiga picha ya tumbo. Ana maswali tu, na ndiyo maana maswali yake yana uzito. Mteja mwenye ndevu na sauti nzito anayeomba dawa ya maumivu ya tumbo la chini aweza kuwa na mfuko wa uzazi, na maumivu hayo yaweza kuwa ya mimba iliyotunga nje ya mfuko huo, hali inayoua kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Kumuuzia vidonge vya maumivu na kumwaga ni kumpotezea saa ambazo hana. Njia salama ni kumuuliza kila mteja swali lile lile, bila kumchagua kwa sura: je, kuna uwezekano wowote wa mimba mwilini mwako? Wapo watakaocheka. Kicheko hakina madhara, mradi mtoa dawa aeleze kwamba huo ndio utaratibu wa duka kwa kila mwenye maumivu ya namna hiyo.

Yapo pia mambo ya dawa ambayo wateja na watoa dawa hukosea kwa pamoja. Kosa kubwa ni kudhani kwamba testosteroni huzuia mimba. Hedhi yaweza kukoma kwa miezi mingi na bado yai likapevuka. Mtu huyo akijamiiana kwa namna inayoweza kuleta mimba, anahitaji uzazi wa mpango kama mwingine yeyote, tena kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa testosteroni huweza kudhuru kijusi. Kondomu, kijiti, kitanzi na sindano ya homoni moja vyote vinamfaa, na mahali pa kuwekewa au kudungwa ni zahanati au kituo cha afya, si dukani. Kidonge cha dharura cha levonojestreli, miligramu 1.5, humfaa pia, nacho hufanya kazi vizuri zaidi kinapomezwa mapema, ndani ya saa 72.

Upande wa pili wapo wanawake wa transijenda ambao, kwa kukosa daktari, hununua vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango na kumeza vingi kwa siku ili miili yao ibadilike. Vidonge hivyo vina estrojeni inayoongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa, na hatari huzidi kwa wingi wa vidonge, kwa uvutaji wa sigara na kwa shinikizo la damu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, kifua kikibana au upande mmoja wa mwili ukilegea, safari ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Mteja anayeogopa kukaripiwa hataitaja idadi ya vidonge anavyomeza. Karipio, kwa hiyo, humnyima mtoa dawa taarifa anayoihitaji kuliko zote.

Kiswahili kinamsaidia mtoa dawa kuliko lugha nyingi, kwani «yeye» haibagui mke na mume. Mtego umo katika maamkizi. «Dada», «kaka», «mama» na «baba» hutoka kinywani kabla ya kufikiri, na Kisukuma nacho hufuatisha «mwangaluka» kwa jina la heshima la mama au baba. Asiye na hakika aweza kusema «ndugu», au kumkaribisha mteja bila kuongeza neno. Akisahihishwa, apokee na kuendelea na kazi. Kuomba radhi mara tano mbele ya watu ni kumtangaza mteja.

Suala la sauti dukani limekwisha kutafutiwa dawa jirani tu. Bariadi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, na ni huko Shinyanga ambako mwaka 2019 mpango ulioitwa Malkia Klabu ulijaribiwa katika maduka ya dawa 20, ukiwalenga wasichana na wanawake vijana. Wenye kadi waliweza kuomba kwa kutumia alama, bila kutaja kitu kwa sauti, na maduka yaliyokuwa na mpango huo yaligawa vipimo vingi zaidi vya kujipima VVU kuliko yale yasiyokuwa nao. Mpango huo haukuwahusu watu wa transijenda. Lakini kadi yenye alama haimuulizi aliyeishika yeye ni nani, na gharama yake ni karatasi.

Hofu ya wateja hawa ina sababu. Kanuni ya Adhabu inaharamisha baadhi ya matendo ya kujamiiana, na Februari 2017 Wizara ya Afya ilivizuia vituo binafsi 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu. Hata hivyo, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya matokeo ya kipimo na inakataza unyanyapaa, na hakuna palipoandikwa kwamba kazi ya mtoa dawa ni kupeleleza. Tangu maduka ya dawa muhimu yalipoanzia Ruvuma mwaka 2003, yakichukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, mafunzo yake yamesisitiza kutoa dawa kwa usahihi na kutoa rufaa kwa wakati.

Rufaa yenyewe inahitaji busara. Aliyekumbwa na hatari ya VVU, kwa kubakwa au kwa kupasukiwa kondomu, anapaswa kuanza dawa kinga ndani ya saa 72 na kuzimeza kwa siku 28. Hapo kila saa ina maana. Katika karatasi ya kwenda zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu inatosha kuandika dalili, saa ya tukio, dawa alizotumia na, pale inapohusu tiba, kiungo kinachouma. Jina aandikiwe analolichagua mteja, na karatasi ikunjwe kabla ya kukabidhiwa.