Chujio au barieri? Neno moja katika programu za tovuti

Likizo iliyopita, tukiwa nyumbani Katogota, mdogo wangu anayesomea informatiki Uvira alinionyesha programu ndogo ya tovuti aliyokuwa akiiandika. Wakulima wa mpunga wangeandika humo magunia wanayopeleka ghalani. Mwalimu wake alikuwa amewaeleza habari ya filtre, naye akataka kujua ni nini kwa Kiswahili. Mimi mtu wa lugha sikusita: ni chujio.

Siku mbili baadaye akaja analalamika: «Yaya, kila ukurasa unatoka mweupe.» Nikamwomba anisomee alichoandika. Kichujio chake kilikagua kama anayeomba ukurasa amejitambulisha. Asiyejitambulisha alirudishwa mlangoni. Kwa aliyejitambulisha, hakuandika kitu. Alidhani ombi litapita lenyewe, kama chai inavyopita na majani yakabaki juu. Kosa hilo lilianzia kwangu.

Katika programu za Java, vichujio vya aina hii viliingia rasmi mwaka 2001, na kila kimoja hupewa vitu vitatu: ombi, jibu na mnyororo. Ombi halisogei mpaka kichujio chenyewe kiuite mnyororo, yaani kiseme «endelea». Kisipousema, safari inaishia hapo, wala hakuna onyo linalotokea.

Hiyo ni barieri. Tuseme kuna barieri Luvungi, Sange na Kiliba. Kamba haishuki yenyewe. Ni lazima mtu aishushe. Anaweza kukurudisha, kukuandika kwenye daftari, kukupa karatasi, au kukuacha upite. (Wasomaji wa bonde la Ruzizi hawahitaji maelezo zaidi.) Ukirudi kutoka Uvira jioni, unazikuta kwa kinyume: Kiliba kwanza, Luvungi mwisho. Jibu nalo hurudi hivyo hivyo, likipitia kwanza kichujio kilichokuwa cha mwisho. Chujio la chai haliwezi kukufundisha hilo.

Hapo mdogo wangu akauliza swali zito zaidi: kesho wakulima wakitaka pia daftari la nani amefungua nini, je, avunje programu yote?

Mfano ninaoupenda ni OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004. Ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi yetu. Imegawanywa katika moduli, ili kila kliniki iongeze inachohitaji bila kugusa kiini. Ugumu ni kwamba faili ambamo vichujio huorodheshwa husomwa mara moja tu, seva inapowaka, ilhali moduli huweza kuwashwa na kuzimwa wakati seva inaendelea na kazi.

Waandishi wake waliweka katika faili hiyo kichujio kimoja cha kudumu ambacho chenyewe hakimkagui mtu. Ombi likifika, hutazama orodha ya vichujio vilivyotangazwa na moduli zinazofanya kazi wakati huo. Huchagua vile vinavyohusika na anwani iliyoombwa, huviunga kuwa mnyororo mdogo, hupitisha ombi humo, kisha hulirudisha kwenye njia kuu. Kila moduli hutangaza vichujio vyake katika faili yake yenyewe. Ikizimwa, vichujio vyake huondoka nayo. Ndiyo maana napenda kusema vichujio hivi vinachomekwa na kuchomolewa, kama chaja ya simu ukutani.

Linabaki suala la nani asimame mbele. Daftari likitangulia utambulisho, litaandika wageni wasio na majina. Na waandishi wa moduli mbili huenda hawajawahi kuonana, hivyo hakuna anayejua mwenzake atasimama wapi. Mdogo wangu aliamua kila kichujio kitaje namba yake, ndogo itangulie. Si dawa kamili, maana wawili wanaweza kuchagua namba moja.

Sitarajii kuliondoa neno kichujio. Limeshazoeleka, nami nimelitumia hapa tangu mwanzo. Lakini anayeanza kufundisha somo hili huku kwetu, naomba aanze na barieri.

Mdogo wangu aliongeza mstari mmoja tu, ule wa «endelea». Orodha ya magunia ikafunguka, na kabla ya giza alikuwa ameshachomeka daftari lake.