Jeni za Mwingine Katika Afya ya Mgonjwa

Katika kliniki nyingi, sehemu ya faili inayohusu familia hujazwa kwa swali moja: je, yupo ndugu wa damu aliyepata kuugua kisukari, shinikizo la damu, kifafa au ugonjwa wa akili? Swali hilo ni sahihi na halina budi kuendelea kuulizwa. Hata hivyo, limejengwa juu ya dhana kwamba jeni humdhuru au kumkinga yule tu aliyezibeba. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa dhana hiyo ni finyu. Jeni za mtu zaweza kuathiri afya ya mwingine anayeishi naye, hata kama hawana undugu wowote wa damu.

Jambo hili lisieleweke vibaya. Jeni haziruki kutoka mwili mmoja kwenda mwingine kama vimelea vya kifua kikuu. Kinachovuka ni tabia, mazoea na hali ya nyumba. Tuchukue mfano wa mume ambaye, kwa sehemu kutokana na jeni alizorithi, ana wasiwasi mwingi na usingizi mwepesi. Usiku huamka mara kwa mara. Mchana huwa mwepesi wa hasira. Mkewe, asiye na jeni hizo, hukosa usingizi pamoja naye mwaka baada ya mwaka, na huenda shinikizo lake la damu likapanda. Daktari atakayetafuta chanzo katika ukoo wa mke hatakiona, kwa kuwa sehemu yake imo katika jeni za mtu aliyeketi nje akimsubiri.

Kulithibitisha hilo kwa binadamu ni kazi ngumu, kwa sababu wanandoa na marafiki huchaguana, na mara nyingi huchagua wanaofanana nao. Panya wa maabara hawachagui; mtafiti ndiye huamua nani aishi na nani. Mwaka 2017 Amelie Baud na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Genetics uchunguzi wa sifa zaidi ya 100 za panya waliokaa pamoja vizimbani. Walilinganisha mchango wa jeni za panya mwenyewe na ule wa jeni za wenzake wa kizimba. Jeni za wenzake zilichangia tofauti katika wasiwasi, uzito wa mwili, kinga ya mwili na kupona kwa kidonda. Katika baadhi ya sifa mchango huo ulifikia asilimia 29 ya tofauti zote zilizoonekana, na kwa sifa kadhaa ulizidi mchango wa jeni za panya mwenyewe.

Kupona kwa kidonda kunastahili kutafakariwa zaidi. Kidonda ni kitu cha mwili kabisa: ngozi, damu, seli za kinga. Muuguzi anayekisafisha huwaza sukari, lishe na usafi wa bandeji. Lakini kwa panya hao, sehemu ya sababu ya kidonda kufunga upesi au kuchelewa ilikuwa ndani ya mwenzake aliyelala kando. Watafiti hao walionya pia kwamba mahesabu ya urithi yanayopuuza athari hii yaweza kupotoka vibaya.

Kwa binadamu, ushahidi ulikuja kwa njia ya werevu. Kila mzazi humpa mtoto nusu tu ya jeni zake. Nusu nyingine hubaki kwake. Huko Iceland, Augustine Kong na wenzake waliipima nusu hiyo isiyorithishwa, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba nayo ilihusiana na kiwango cha elimu cha mtoto, kwa nguvu ya karibu asilimia 30 ya ile ya jeni alizorithi kweli. Mtoto hakuzipata jeni hizo, bali alilelewa nazo.

Sweden ilipanua uwanja hadi nje ya nyumba. Mwaka 2024, Jessica Salvatore na wenzake walitumia kumbukumbu za kitaifa za watu zaidi ya milioni 1.5. Vijana waliosoma na wenzao wenye mwelekeo mkubwa wa kurithi ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona au wasiwasi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata matatizo hayo. Uhusiano huo ulibaki hata baada ya kuzingatia kama wenzao walikuwa wagonjwa au la.

Hapa pana hatari. Matokeo ya aina hii ni wastani wa watu wengi. Hayamwezeshi yeyote kumnyooshea kidole rafiki fulani au ukoo wa mkwe. Mhudumu wa afya atakayeyasimulia ovyo mbele ya wazazi wenye uchungu atakuwa amewapa mtu wa kumchukia, si tiba.

Faida yake iko kwingine. Jeni hazibadilishwi kliniki, ila njia zinazopitia zaweza kuguswa: kumtibu mume wasiwasi wake huenda kukawa sehemu ya matibabu ya mkewe. Kwa hiyo maswali machache yaongezwe. Unaishi na nani? Nani hukupikia? Unalala chumba kimoja na nani, naye hulalaje?

Tafiti hizi za binadamu zimetoka Ulaya Kaskazini, ambako nyumba nyingi zina watu wachache. Kwetu, ua mmoja waweza kuwa na bibi, shemeji, mtoto wa dada aliyeletwa kusoma na wapangaji wa vyumba vinne wanaotumia jiko moja. Faili lina mistari ya ndugu wa damu peke yao. Hao wengine, kwa sasa, muuguzi atawaandika pembeni.