Mkate wa Kikorea kwa Bei ya Kawaida: Namna ya Kuununua, Namna ya Kuuoka Saza

Shangazi yangu wa Saza huamka saa tisa usiku. Jogoo wa pili akiwika, karai liko kwenye mafiga na maandazi ya kwanza yanageuzwa. Wateja wake ni wachimbaji wadogo wanaoelekea mashimoni, watu wasio na muda wa kukaa. Wanachukua maandazi manne au matano, wanafunga kwenye mfuko, wanaondoka.

Mkate wa kukata vipande nao upo Saza, ila hufika umechoka. Unatoka Mbeya mjini, unapita Mbalizi, unateremka Galula hadi Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ndipo uje huku kwetu. Siku ya pili ukiukata unamwaga chenga mezani. Kwa hiyo nilipomsimulia shangazi habari ya mkate wa Kikorea, hakuuliza sura yake wala bei yake. Aliuliza, "Mwanangu, unakaa siku ngapi?"

Swali hilo ndilo lililoniandikisha makala hii. Nitaeleza kwanza jinsi ya kuingia kwenye bekari ya Kikorea na kutoka na kitu kizuri bila kumaliza pesa, kisha nieleze jinsi mkate uleule unavyowezekana kwenye jiko la mkaa.

Bekari iliyo ndani ya soko

Mimi niliukuta Houston, jiji la Texas lenye Watanzania wengi, ndani ya supamaketi ya H Mart. Duka la kwanza la kampuni hiyo lilifunguliwa mwaka 1982 Woodside, mtaa wa Queens jijini New York, na Mkorea aitwaye Il Yeon Kwon. Herufi H inatokana na jina la kwanza la duka, Han Ah Reum, yaani vyakula vya kujaza mikono miwili. Leo maduka yake yametapakaa katika majimbo mengi ya Marekani. Mwafrika Mashariki huyapenda kwa sababu anakuta humo samaki wazima wenye vichwa, mchele wa magunia, bamia na viazi vitamu.

Mengi ya maduka hayo yana kona ya mikate, mara nyingi ya Tous Les Jours au Paris Baguette. Majina ni ya Kifaransa, kampuni ni za Korea Kusini. Paris Baguette ilianza mwaka 1988 na Tous Les Jours mwaka 1997. Jina hilo la pili maana yake ni "kila siku". Kona ya namna hii haihitaji kumtafuta mteja. Mama aliyekuja kununua samaki anapita hapo hapo, harufu inamvuta, anaongeza mikate miwili kwenye kikapu.

Neno lenyewe la Kikorea kwa mkate ni ppang. Limepitia Japani, na Wajapani walilipata kwa Wareno, ambao mkate huuita pão. Mreno huyo huyo alipopita pwani yetu alituachia meza, leso, bendera na gereza, lakini kwenye mkate tulibaki na neno letu.

Wakorea ni watu wa wali kama sisi tulivyo watu wa ugali. Ngano iliingia kwa wingi kwao baada ya vita vya 1950 hadi 1953, kwa magunia ya msaada kutoka Marekani. Mchele ulikuwa haba, na serikali ikawahimiza wananchi kula vyakula vya unga; kuanzia mwaka 1969 mikahawa ilikatazwa kuuza wali saa za mchana siku mbili za wiki. Bekari maarufu kuliko zote katika mji wa Daejeon, Sungsimdang, ilianza mwaka 1956 kama kibanda cha mikate ya mvuke mbele ya stesheni ya treni. Mwanzilishi wake alikuwa mkimbizi wa vita kutoka Kaskazini, na mtaji wake ulikuwa magunia mawili ya unga aliyopewa kanisani. Mwanamke yeyote wa Songwe aliyeanza biashara ya maandazi kwa unga wa kukopa ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Sinia, koleo na macho

Ukiingia, usiende moja kwa moja kaunta. Mlangoni kuna rundo la masinia madogo na makoleo ya kunyakulia mikate. Chukua sinia moja, tandika karatasi iliyowekwa pembeni, shika koleo, kisha zunguka. Unajihudumia mwenyewe na kulipa mwishoni. Mkate uliougusa ni wako: hauminywi ili kupima ulaini, wala haurudishwi kwenye rafu. Mara ya kwanza nilisimama pembeni dakika nzima nikimwangalia bibi mmoja wa Kikorea jinsi alivyofanya. Alipitisha koleo chini ya mkate na kuuinua kama anayebeba kifaranga.

Kosa la wageni wengi ni kukimbilia keki. Keki zimepambwa, ziko kwenye kioo chenye taa, na ndizo za bei ya juu. Mwenye bajeti aende kwenye rafu za mikate midogo, ambayo siku niliyokwenda mingi ilikuwa chini ya dola 4. Aanze na hii.

Soboro ni mkate mviringo uliofunikwa chenga tamu za siagi, unga na sukari. Juu unavunjika mdomoni, ndani ni laini. Sungsimdang waliufanya kuwa maarufu zaidi mwaka 1980 walipoanza kuukaanga ukiwa na maharage ndani.

Danpat ni mkate uliojazwa maharage mekundu yaliyopondwa na kutiwa sukari. Ukoo wake unatoka Tokyo, kwenye bekari ya Kimuraya, iliyoutengeneza mkate wa namna hii miaka ya 1870. Mtanzania akisikia maharage ya sukari hukunja uso, halafu anakumbuka kwamba Pwani mahamri huliwa na mbaazi za nazi kila asubuhi. Tofauti ni kwamba hapa mboga imeingia ndani ya andazi.

Kkwabaegi ni donati ya kusokota kama kamba, inayokaangwa na kuviringishwa kwenye sukari. Aliyekula hafkeki ya Tunduma atajua pa kuanzia, ila hii ina hamira na ni nyepesi. Kwa kawaida ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa rafuni.

Mwisho, mkate wa maziwa, mzima au wa vipande. Ukiwa na familia nunua huu na uache ile midogo. Unashibisha nyumba na unaliwa kwa siku kadhaa.

Mambo matatu ya kuangalia. Mikate yenye soseji au nyama mara nyingi ina nguruwe, kwa hiyo Mwislamu na yeyote asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuweka kwenye sinia. Mkate wa kitunguu saumu wa Kikorea mara nyingi ni mtamu na una jibini laini ndani, usiununue ukitarajia chumvi. Na mwenye mzio wa maziwa, mayai au karanga asome kibandiko cha bei, maana karibu kila kitu humo kina maziwa.

Kuhusu saa, asubuhi ndiyo kuna mikate mingi zaidi. Anayetafuta nafuu aende jioni, kwani bekari nyingi za aina hii hufunga pamoja mikate iliyobaki na kuipunguza bei kabla ya kufunga duka. Muulize mhudumu ni saa ngapi wanapunguza. Hakuna aibu hata kidogo.

Ukifika nyumbani, usiuweke kwenye friji. Baridi ya friji huukausha mkate haraka kuliko hewa ya mezani. Ule wa leo na kesho uache nje umefungwa, uliobaki ukate vipande uweke kwenye friza, kisha utoe kipande kimoja kimoja.

Kumbe ni uji

Nilipouchana mkate wa maziwa kwa mara ya kwanza haukukatika. Ulivutika kwa nyuzi ndefu, kama pamba inayochambuliwa. Niliamini kabisa kwamba humo kuna kiungo cha kiwandani ambacho sisi hatukipati.

Siri niliyoikuta baadaye ni uji. Mikate laini ya Asia Mashariki huokwa kwa njia kadhaa, na inayofaa zaidi jikoni kwetu ni ile ya kupika sehemu ndogo ya unga kwa maji mpaka uwe uji mzito, kisha kuukandia unga uliobaki. Wajapani na Wachina wameitumia kwa muda mrefu, na Yvonne Chen wa Taiwan aliisambaza kwa wapishi wa majumbani kwa kitabu chake cha mwaka 2007. Inavyofanya kazi ni rahisi. Unga wa ngano ukipashwa moto na maji kufikia kama nyuzi 65, wanga wake huvimba na kushika maji mengi kuliko unga mbichi. Maji hayo hayakimbii yote kwenye moto wa kuokea. Yanabaki ndani ya mkate, na ndiyo maana siku ya pili bado ni laini.

Shangazi aliposikia neno uji alicheka kwa furaha. "Uji? Huo si ndio ninaoupika toka nazaliwa?"

Tulivyouoka Saza

Tulitumia nusu kilo ya unga wa ngano. Kwenye unga huo tulichota vijiko vitatu vikubwa vilivyojaa wastani, tukavikoroga na maji kama mililita 150 kwenye sufuria ndogo juu ya moto mdogo. Ukikoroga bila kuacha, baada ya dakika chache mwiko unaanza kuacha njia chini ya sufuria. Hapo epua. Usingoje uchemke na kutoa mapovu. Funika, acha upoe mpaka uweze kutia kidole.

Unga uliobaki tuliuchanganya na vijiko vinne vikubwa vya sukari, kijiko kimoja kidogo cha chumvi, viwili vidogo vya hamira, yai moja, maziwa vuguvugu kama mililita 140 na uji wetu wote. Maziwa tia kidogo kidogo, kwa sababu unga haulingani. Ukishashikana, ongeza vijiko vitatu vikubwa vya siagi na ukande. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa unga unanata mkononi na mkono unatamani kuongeza unga mkavu. Usiongeze. Shangazi alikanda dakika 20, akiusukuma kwa kisigino cha kiganja na kuukunja, mpaka alipouvuta kati ya vidole ukawa ngozi nyembamba inayopitisha mwanga wa mlangoni.

Kwa joto la Saza uliumuka mara mbili ya ukubwa wake kabla ya saa moja kwisha. Tuliugawa madonge manane. Manne tuliyaacha matupu. Manne tulijaza maharage mekundu yaliyochemshwa mpaka yakalainika, yakapondwa, yakatiwa sukari na chembe ya chumvi, kisha yakakaushwa motoni hadi yakaacha kunata kwenye mwiko. Mikate tuliipanga kwenye sufuria iliyopakwa siagi, tukaiacha iumuke tena nusu saa.

Oveni hatuna. Tulitandika mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, tukaweka juu yake ile ndogo yenye mikate, tukafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Mara ya kwanza nilikosea mimi. Niliacha moto mkali chini, sehemu ya chini ikaungua na juu ikabaki nyeupe. Mara ya pili shangazi alitoa makaa mengi ya chini akayahamishia juu, akasubiri kama dakika 30, akagonga mkate mmoja kwa kidole. Ulitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. "Umeiva," akasema, na ulikuwa umeiva.

Alfajiri iliyofuata aliweka mikate yenye maharage pembeni ya beseni la maandazi. Kijana mmoja wa mashimoni alichukua mmoja, akauma, akautazama ndani kwa mwanga wa tochi yake ya kichwani.

"Shikamoo shangazi. Haya si maharage?"

"Marahaba. Ni maharage."

Akaongeza miwili ya wenzake.

Mmoja kati ya ile mitupu tuliuficha kwenye kanga kwa ajili ya lile swali la kwanza. Siku ya tatu shangazi aliufungua, akaubonyeza kwa kidole gumba, akatulia akiangalia lile shimo likijaa polepole na kurudi mahali pake. Aliukata katikati, akanipa nusu, akanimiminia chai, kisha akaniuliza kama dukani Mkwajuni bado kuna unga wa kilo 25.