Masika haya, kagua maranda kabla ya kukimbilia dawa

Kuanzia sasa hadi mvua za masika zikatike, anayestahili jicho lako zaidi bandani ni kifaranga wa wiki tatu hadi sita. Huyo ndiye windo la kuhara damu, ugonjwa ambao wataalamu huuita koksidiosisi. Jioni unawaacha wote wakidonoa chakula, asubuhi unakuta watano wamelala ubavu na maranda yana madoa mekundu.

Wengi husema vifaranga wamepigwa na baridi. Baridi huwadhoofisha, sikatai, lakini anayeua ni kimelea asiyeonekana kwa macho, wa jamii ya Eimeria, anayezaliana ndani ya kuta za utumbo na kuzipasua. Kuku mkubwa aliyekwisha kumzoea humbeba bila dalili yoyote na kumwaga vijiyai vyake kwenye kinyesi kila siku. Ndiyo maana kulea vifaranga katika banda moja na kuku wakubwa ni kujitafutia hasara.

Vijiyai hivyo vikitoka tu bado havina madhara. Ili viive vinahitaji hewa, joto na unyevu. Vikivipata vyote, siku moja au mbili zinatosha. Kifaranga akividonoa vikiwa vimeiva, damu huonekana baada ya siku nne hadi sita hivi. Sasa tazama: hewa huwezi kuizuia, na joto vifaranga wenyewe wanalihitaji. Kilichobaki mikononi mwako ni unyevu.

Paa likivuja utaliona mwenyewe. Wengi wasichokiona ni duara la maranda yaliyolowa kuzunguka chombo cha maji. Chombo kikikaa chini kabisa, vifaranga huingia na miguu, huchafua, humwaga, kisha hudonoa palepale. Kiinue mdomo wake ulingane na mgongo wa kifaranga, na uendelee kukiinua kadiri wanavyokua. Ukiweza, kiweke juu ya fremu ya mbao iliyotandikwa wavu, ili maji yanayomwagika yaanguke mahali wasipoweza kudonoa.

Kila asubuhi chota maranda kwa mkono, hasa karibu na vyombo vya maji na pembeni mwa kuta, uyafumbate, kisha ufumbue. Yakisambaratika, yako sawa. Yakibaki donge, yatoe siku hiyohiyo na uweke makavu. Usimwage mapya juu ya yaliyolowa, maana chini kunabaki joto na maji, na vifaranga hawakosi kufukua. Yaliyoanza kushikamana lakini hayajalowa, yageuze yapate hewa.

Halafu kuna haya maturubai na viroba tunavyozibia madirisha mvua inapopiga. Ziba chini kukinga upepo, lakini juu acha wazi. Chuchumaa kwenye usawa wa vifaranga: macho yakikuwasha, banda halipumui na maranda hayatakauka hata ubadilishe mara ngapi.

Dawa za kunyunyizia zina kazi yake dhidi ya magonjwa mengine, ila nyingi hazipenyi ganda la vijiyai hivi. Kundi likitoka, zoa kila kitu, sugua sakafu, imwagie maji yanayochemka na uiache ikauke kabisa kabla ya kuingiza wengine. Na kwa wanaonunua chotara wa mwezi mmoja, Sasso au Kuroiler, muulize aliyewalea kama waliwahi kuhara na walipewa dawa gani. Umri huo ndio wenyewe wa ugonjwa, na safari ya kwenye tenga huwachosha.

Dalili hutangulia damu. Kifaranga hujikunyata na kufumba macho, mabawa hulegea, manyoya husimama, kishungi na miguu hupauka. Zipo pia aina za Eimeria zisizoleta damu ya kuonekana: utaona kinyesi chepesi chenye utelezi na vifaranga wasiokua sawa na wenzao. Akifa mmoja, vaa glavu umpasue, au umpeleke kwa afisa mifugo. Pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana pana vifuko viwili virefu. Vikiwa vimevimba na kujaa damu, jibu umelipata. Kuhara kweupe au kijani ni habari nyingine. Inaweza kuwa Gumboro au kideri, na dawa ninayoitaja hapa haitasaidia.

Dawa hiyo ni amproliamu. Huwekwa kwenye maji, kwa kuwa kifaranga mgonjwa huacha kula lakini huendelea kunywa. Tibu kundi zima, ondoa maji mengine yote bandani, na ufuate kipimo na siku zilizoandikwa kwenye pakiti hata kama damu imekatika siku ya pili. Usichanganye na vitamini zenye B1, kwa sababu dawa hii humwua kimelea kwa kumnyima vitamini hiyo, ukimrudishia, umemwokoa. Vitamini A na K ni sawa. Na ile poda ya manjano ya oksitetrasaiklini ambayo kila mfugaji anayo nyumbani haitibu kuhara damu. Mnapoteza siku mbili za thamani nayo.

Soma pia mfuko wa chakula cha vifaranga, kwani baadhi huwa tayari na dawa ya kuzuia. Kifaranga anayekutana na vijiyai vichache kwenye maranda makavu hujijengea kinga. Aliyelelewa juu ya wavu tangu kutotolewa hana kinga hiyo, kwa hiyo ukimshusha sakafuni katikati ya mvua, mwangalie kwa karibu wiki mbili za kwanza. Maranda unayoyatoa yarundike mbali na banda, yafunikwe mvua isiyafikie, na mwenye kuyahudumia asiingie kwa vifaranga na viatu vilevile.