Presha Hupanda Mtu Aingiapo Mjini

Wengi wetu huamini kuwa presha ni ugonjwa wa wazee, wanene na matajiri. Iwapo nawe una maoni hayo, huenda ukashangaa kusikia kwamba sehemu ya ushahidi muhimu kuhusu chanzo cha maradhi haya ilipatikana hapa Kenya, tena kwa vijana waliotoka kijijini kuja Nairobi.

Mnamo 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi South Kavirondo, yaani Nyanza ya kusini, alichapisha matokeo ya kupima watu wapatao 1,000. Kule Ulaya presha ilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Hawa haikupanda, baada ya miaka 40 ilielekea kushuka.

Mtu angeweza kudhani kwamba Mwafrika amekingwa kwa kuzaliwa. Sivyo. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya na Uingereza, miongoni mwao Profesa Mutuma Mugambi na Neil Poulter, waliwafuata vijana wa Kiluo waliohamia Nairobi na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa 1990. Miezi michache tu baada ya kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, moyo ulipiga kwa kasi zaidi, na mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Kabila lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni maisha.

Chumvi huzuia maji mwilini, damu huongezeka na moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu. Potasiamu, iliyo katika mboga, maharagwe, ndizi na viazi vitamu, husaidia figo kuitoa chumvi hiyo. Sasa fikiria chakula chako cha wiki hii: mkate asubuhi, chipsi na soseji mchana, mchuzi uliokolezwa kwa viungo vya pakiti jioni. Mkate, ambao hakuna anayeushuku, una chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile usiyoiona.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na presha, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Chama cha madaktari wa moyo barani Afrika, PASCAR, kilitoa mpango mwaka wa 2017 ili kufikia 2025 angalau asilimia 25 ya wagonjwa wawe wamedhibitiwa. Robo tu!

Usingoje kuumwa kichwa, kwani aghalabu presha haina dalili. Unapokwenda kupimwa, kaa utulie dakika 5, na usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni presha. Ukipewa dawa usiziache kwa kuwa unajisikia vyema, wala usiazime za jirani. Na mtu akipooza upande mmoja ghafla, uso ukaenda kombo au maneno yakamkwama, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke.